Ramanujan na Nambari 1729

Mwaka huu tuliombwa tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua Mhindi mmoja aliyekuwa bingwa wa hesabu, jina lake Srinivasa Ramanujan. Usinicheke. Ninazo sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni nambari. Siku niliyojiunga na shule hii ya kutwa, karani aliniandikia nambari ya usajili 1729. Sikuipenda hata kidogo. Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alipata 1730, ambayo angalau inaishia kwa sufuri, nami nikaona nimepewa makombo. Basi siku moja mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akirudisha madaftari. Alipofika kwa daftari langu alisimama, akaitazama ile nambari kwenye jalada, kisha akacheka peke yake. Aliniambia kwamba nambari hiyo ina hadithi, na hadithi yenyewe ni ya mtu aliyelala kitandani mgonjwa. Baadaye aliniazima kitabu. Haya ninayokusimulia nimeyatoa humo na kwa mwalimu, na hesabu zake nimezifanya upya mimi mwenyewe kwa kalamu.

Sababu ya pili ni kaka yangu. Huyo nitamrudia mwishoni.

Ramanujan alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 katika mji wa Erode, kusini mwa India, nyumbani kwa nyanya yake. Alilelewa katika mji wa Kumbakonam. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo, mshahara kidogo, na mama yake alikuwa akiimba nyimbo za ibada hekaluni. Walikuwa watu wa tabaka la Brahmin, lakini msomaji usidhani tabaka la juu ni tumbo lililoshiba. Mkono wao ulikuwa mfupi. Kijana mwenyewe aliugua ndui akiwa na umri wa miaka miwili, akaponea chupuchupu.

Shuleni alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka wa 1897 alifanya mtihani wa shule ya msingi akaongoza wilaya nzima. Mwaka wa 1904 alimaliza shule ya upili akatuzwa kwa ajili ya hesabu. Lakini kabla ya hapo, mwaka wa 1903, jambo fulani lilikuwa limetokea. Alipata kuazima kitabu cha Mwingereza aitwaye Carr. Kitabu chenyewe hakikuwa cha kupendeza. Kilikuwa orodha ndefu ya kanuni za hesabu kama elfu tano, nyingi zikiwa hazina maelezo ya kutosha. Mwanafunzi mwingine angekifunga akaenda kucheza. Ramanujan alikaa nacho, akawa anatafuta mwenyewe kwa nini kila kanuni ni kweli. Alipozimaliza za Carr alianza kubuni zake.

Hapo ndipo raha ikageuka karaha. Alipata msaada wa karo katika chuo cha serikali pale Kumbakonam, lakini akili yote ikawa kwenye hesabu tu. Masomo mengine aliyatupa mkono, akaanguka, na ule msaada akanyang'anywa. Kwa aibu alitoroka nyumbani mwaka wa 1905. Mwaka uliofuata alijaribu tena katika chuo kingine mjini Madras, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai. Huko kulikuwa na somo la viungo vya mwili ambalo hakulipenda kabisa. Alifanya mtihani wa chuo mwaka wa 1906 akaanguka. Akarudia mwaka wa 1907 akaanguka tena. Mlango wa chuo kikuu ukafungwa kabisa.

Msomaji, hebu fikiria. Kijana wa miaka ishirini, hana cheti, hana kazi, na majirani wanamjua kuwa ndiye yule aliyekuwa akisifiwa zamani. Mwaka wa 1909 wazazi walimwoza msichana aitwaye Janaki, ambaye kwa desturi ya huko na ya wakati huo alikuwa bado mtoto mdogo. Sasa ilibidi atafute riziki. Alikuwa akizunguka na madaftari yake kwapani, akibisha kwa huyu na yule, akiomba kazi yoyote ya ukarani. Karatasi ilikuwa ghali kwake. Kwa hivyo alikuwa akifanya hesabu kwa chaki juu ya kibao, na alipojaza kibao alikifuta kwa kiwiko cha mkono, maana aliona kutafuta kitambaa ni kupoteza wakati. Jibu la mwisho tu ndilo aliloliandika daftarini. Inasemekana kiwiko chake kilikuwa cheusi na kigumu kwa kufuta.

Mungu hamtupi mja wake. Mwaka wa 1910 alimwendea afisa mmoja, V. Ramaswami Aiyer, ambaye ndiye aliyeanzisha chama cha wanahisabati wa India. Ramanujan alikuwa ameenda kuomba kazi ya ukarani tu. Yule afisa alipoyaona madaftari alikataa kumpa kazi hiyo, eti angekuwa anauzika ujuzi ule kwenye kazi ndogo ya ofisi. Akampa barua za kumjulisha kwa watu wengine. Mmoja wao, R. Ramachandra Rao, alimlipia rupia 25 kila mwezi kwa muda. Mwaka wa 1911 makala yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la kile chama. Na tarehe 1 Machi 1912 alianza kazi ya karani wa hesabu katika bandari ya Madras kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi.

Kisha akachukua kalamu akaandika barua Uingereza. Aliwaandikia wataalamu wakubwa wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Wawili hawakumsaidia kitu. Wa tatu alikuwa G. H. Hardy, na barua yake iliandikwa tarehe 16 Januari 1913. Ndani yake mlikuwa na kurasa za kanuni kama 120, bila uthibitisho, kutoka kwa karani asiyejulikana wa nchi ya mbali. Hardy mwanzoni alidhani ni mzaha. Jioni alikaa na mwenzake, Littlewood, wakazichunguza. Kanuni nyingine zilikuwa zimekwisha kujulikana, chache zilikuwa na makosa, lakini nyingine hawakuwahi kuziona popote. Waliamua kwamba lazima ziwe za kweli, kwa sababu hakuna mtu angeweza kuzibuni kwa uongo. Kumbe karani wa bandari alikuwa bingwa!

Safari ya Ulaya haikuwa rahisi. Kwa watu wa tabaka lake kuvuka bahari kulikuwa mwiko, na mama yake alikataa, mpaka alipoota ndoto akaona mungu wao wa kike anamwamuru asimzuie mwanawe. Ramanujan alipanda meli ya S.S. Nevasa tarehe 17 Machi 1914 akafika London mwezi wa Aprili. Huko Cambridge baridi ilimtesa. Hakula nyama, alijipikia mwenyewe, na vita vikuu vilipoanza mwaka huohuo vyakula alivyovizoea vikawa adimu. Mwenzake mmoja kutoka India alimkuta akilala kwa kujifunika koti na shali huku akitetemeka, kumbe mablanketi yamo kitandani yamechomekwa vizuri, naye hakujua kwamba mtu huingia chini yake! Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Lakini kazi aliifanya. Mwaka wa 1916 Cambridge ilimpa shahada kwa utafiti wake, yeye aliyeshindwa mtihani wa chuo mara mbili. Mwaka wa 1917 akaanza kuugua sana. Mwaka wa 1918 alichaguliwa mwanachama wa Royal Society, Mhindi wa pili kupata heshima hiyo, na mwaka huohuo akawa Mhindi wa kwanza kuchaguliwa mwenzi wa Trinity College.

Sasa tumefika kwenye nambari yangu. Ramanujan alikuwa amelazwa Putney, mtaa wa London, na Hardy akaenda kumtazama kwa teksi. Hardy hakuwa mtu wa maneno mengi ya kumfariji mgonjwa. Alipoingia tu alisema kuwa teksi aliyopanda ilikuwa nambari 1729, na kwamba aliiona nambari ya kuchosha isiyo na lolote, akatumaini si ishara mbaya. Mgonjwa alimkatalia pale pale kitandani. Alimweleza kuwa ni nambari ya kuvutia sana, kwa maana ndiyo ndogo kuliko zote zinazoweza kupatikana kwa kujumlisha michemraba miwili kwa njia mbili tofauti.

Nitaeleza polepole ili hata yule anayechukia hesabu afuate. Mchemraba wa nambari ni nambari hiyo ikizidishwa kwa yenyewe hivi: 2 mara 2 mara 2 ni 8. Kwa hivyo 8 ni mchemraba wa 2. Sasa chukua 10: mchemraba wake ni 1000. Chukua 9: mchemraba wake ni 729. Jumlisha, utapata 1729. Haya, chukua 12: mchemraba wake ni 1728. Ongeza mchemraba wa 1, ambao ni 1 tu. Utapata 1729 ile ile! Ukianza kutafuta kutoka 1 kwenda juu hutapata nambari nyingine ya namna hiyo kabla ya 1729. Inayofuata iko mbali, ni 4104, ambayo ni michemraba ya 2 na 16, au ya 9 na 15. Chukua kalamu uhakikishe.

Hardy akamuuliza kama anaijua nambari ya namna hiyo kwa kipeo cha nne, yaani kila nambari ikiandikwa mara nne na kuzidishwa. Ramanujan akafikiri kidogo, akajibu kuwa hauoni mfano ulio wazi, na kwamba wa kwanza lazima uwe mkubwa sana. Kweli ni mkubwa: ni 635,318,657.

Watu wengi huisimulia hadithi hii kama muujiza, kana kwamba malaika alimnong'oneza. Mwalimu alinionya nisiisimulie hivyo. Ukweli ni kwamba Ramanujan alikuwa ameiandika 1729 katika daftari lake miaka kadhaa nyuma. Na hata kabla yake, Mfaransa Frénicle de Bessy aliichapisha mwaka wa 1657. Tena katika karatasi za Ramanujan imeonekana kwamba alikuwa akichunguza swali la zamani la Fermat, Mfaransa mwingine aliyesema kuwa michemraba miwili haiwezi kujumlishwa ikatoa mchemraba wa tatu. Ramanujan alikuwa akitafuta zile zinazokosa kwa moja tu. Tazama: michemraba ya 9 na 10 inatoa 1729, na mchemraba wa 12 ni 1728. Imezidi kwa moja. Tazama tena: michemraba ya 135 na 138 inatoa 5,088,447, na mchemraba wa 172 ni 5,088,448. Imepungua kwa moja. Kwa hiyo usione vyaelea, vimeundwa. Aliijua 1729 kwa sababu alikuwa amekesha nayo.

Iko tabia nyingine ya 1729 ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nambari tasa ni ile isiyogawanyika sawasawa isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, kama 5, 7 na 13. Huyo huyo Fermat mwaka wa 1640 alieleza tabia ya nambari tasa ambayo watu waliigeuza kuwa kama mtihani. Twaa nambari unayotaka kuipima, tuseme 7. Andika 2 mara saba uzizidishe zote: utapata 128. Toa 2, inabaki 126. Gawanya kwa 7: ni 18 kamili, hakuna baki. Nambari 7 imefaulu. Sasa pima 6. Andika 2 mara sita uzizidishe: 64. Toa 2, ni 62. Gawanya kwa 6, kuna baki. Nambari 6 imeanguka, na kweli si tasa, maana ni 2 mara 3.

Mtihani mzuri, sivyo? Basi ipime 1729. Inafaulu. Badala ya 2 tumia 3, inafaulu. Tumia 5, tumia 10, tumia nambari nzima yoyote unayoipenda, 1729 inafaulu kila mara. Mtahini angeipa alama ya A bila kusita. Lakini si tasa! Ni 7 mara 13 mara 19. Nambari za namna hii huitwa kwa jina la Carmichael, Mmarekani aliyeziandika mwaka wa 1910. Ya kwanza ni 561, ya pili 1105, na ya tatu ni 1729 yetu. Siri yake ni hii: toa moja kwa 7, 13 na 19, utapata 6, 12 na 18. Toa moja kwa 1729, utapata 1728. Hiyo 1728 inagawanyika kwa 6, kwa 12 na kwa 18 bila baki. Hapo ndipo mtihani unapodanganyika. Wanaotengeneza nambari za siri za kompyuta huhitaji nambari tasa kubwa sana, kwa hivyo ilibidi zibuniwe njia za kupima zilizo kali zaidi kuliko ya Fermat.

Nilipoelewa hayo nilikaa kimya. Nambari iliyofaulu mtihani bila kuwa kile mtihani ulichotafuta, na mtu aliyeanguka mtihani ilhali ndiye hasa aliyekuwa akitafutwa. Wote wawili walikutana katika chumba kimoja cha wagonjwa.

Ramanujan hakupona. Alirudi India mwaka wa 1919 akiwa amekonda. Janaki alimuuguza, na hata alipokuwa na maumivu aliendelea kuomba karatasi. Januari 1920 alimwandikia Hardy barua ya mwisho yenye hesabu mpya kabisa. Alifariki Madras tarehe 26 Aprili 1920 akiwa na umri wa miaka 32. Kurasa za mwisho alizoandika zilipotea machoni pa watu hadi mwaka wa 1976, Mmarekani George Andrews alipozikuta katika maktaba ya Trinity College. Wataalamu wamezifanyia kazi kwa miaka mingi. India huadhimisha tarehe 22 Desemba kuwa siku ya hesabu.

Sasa nimrudie kaka yangu. Alifanya KCSE miaka miwili iliyopita. Katika hesabu alipata alama nzuri kuliko wengi darasani mwake. Masomo mengine yalimvuta chini, na matokeo yote kwa jumla yakawa ya kuonea haya. Tangu siku ile hakutaka kusikia neno shule. Hubeba mifuko ya saruji katika duka la vifaa vya ujenzi, jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba humwita asiyefaa, si kwa ubaya, ni kwa uchungu wa karo. Mimi nilipokwama kwa hesabu alikuwa akinifundisha kimya kimya, kisha anasema yeye ni mjinga.

Usiku mmoja nilimsimulia habari za 1729. Hakusema kitu. Alipasua karatasi ya mfuko wa saruji, akachukua kaa la moto lililozimika, akaanza kupiga michemraba kutoka 1. Nilipoamka alfajiri kwenda shule nilikuta karatasi mezani. Alikuwa amefika hadi 13,832, na pembeni ameandika: 2 na 24, 18 na 20. Hiyo mimi sikuwa nimemwambia. Aliipata mwenyewe.

Msomaji, sisemi kuwa kaka yangu ni Ramanujan. Wala sisemi tudharau mtihani au tutupe masomo tusiyoyapenda. Ramanujan mwenyewe aliteseka miaka mingi kwa kuyatupa, na pengine angefika mapema kama angevumilia kidogo. Ninachosema ni kwamba mtihani ni chujio, na kila chujio lina matundu yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyeanguka asijizike angali hai, na sisi tuliofaulu tusimcheke, maana hata 1729 ilifaulu.

Kaka ameandika barua kwa chuo kimoja cha ufundi, akaeleza alama zake zote bila kuficha. Hawakujibu. Ameandika kwa cha pili, nako hakuna jibu mpaka leo ninapoandika haya. Nilimkumbusha kwamba Ramanujan naye alijibiwa na mtu wa tatu. Jumamosi iliyopita aliniomba nimnunulie bahasha nyingine.